Siku moja Isimila na Kalenga: tathmini ya ziara ya wanafunzi kutoka Mafinga

Mwanzoni mwa mwezi wa nane, mimi na mwalimu mwenzangu wa Historia tuliwapeleka wanafunzi 26 wa kidato cha kwanza na cha tatu kutoka Mafinga kwenda kuona bonde la zana za mawe la Isimila, makumbusho ya Boma mjini Iringa na makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kule Kalenga. Safari tuliinunua kwa wakala mmoja, ikiwa imefungwa pamoja kwa bei moja: usafiri, viingilio, chakula cha mchana na mtu wa kutusindikiza. Ninaiandika tathmini hii kwa ajili ya walimu na wazazi wa nyanda hizi wanaofikiria kuwalipia watoto ziara ya namna hiyo, na ninatanguliza ninachokiamini: maeneo yenyewe yanastahili kila shilingi tuliyochangisha, ila ratiba tuliyouziwa ilipangwa na mtu aliyehesabu vituo na kusahau kuhesabu saa.

Nianze na usafiri, kwa sababu ndio uliotuumiza. Tulikubaliana kwamba Kosta ingefika getini saa 11:30 alfajiri. Ilifika saa 1:40 asubuhi, watoto wakiwa wamesimama kwenye baridi ya Mafinga kwa zaidi ya saa mbili, wengine wamejikunyata ndani ya masweta na mikono wameificha makwapani. Dereva hakuwa na kosa, maana yeye aliambiwa saa moja na nusu na mtu yuleyule aliyetuahidi sisi saa kumi na moja na nusu. Gari lilikuwa zima, mikanda ilifanya kazi, na dereva aliendesha kwa utulivu ambao kila anayeijua barabara ya Mbeya na malori yake ya Tunduma ataushukuru. Hata hivyo saa mbili zilizopotea asubuhi hazikurudi, na jioni zilitukata mahali palipouma zaidi.

Kwa anayetoka Mafinga, Isimila ndiyo inayotangulia. Ukishapita Ifunda na Tanangozi, zikiwa zimebaki kama kilomita 20 kufika Iringa mjini, unaacha lami na kuingia njia fupi ya vumbi. Ukishuka garini huoni chochote cha kukushtua: nyasi zilizokauka, miti michache na jengo dogo la makumbusho. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alitazama huku na huku, kisha akamuuliza mwalimu mwenzangu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, magofu yenyewe yako wapi?" Kijana huyo amesoma habari za Ugiriki ya kale na ameiona picha ya Parthenon, hekalu la Athens lililoanza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo, kwa hiyo alikuwa anatafuta nguzo za marumaru na ngazi za kupandia. Mwongozaji wa pale, mzee mwenye sauti ya upole aliyetupokea kwa "Kamwene", salamu ya Kihehe, kabla ya kuingia kwenye Kiswahili, alilisikia swali hilo na hakulicheka. Alimwambia kwamba watu wa hapa hawakujenga, walifuata maji. Kisha akawataka watoto wachukue umri wote wa hekalu lile, tangu jiwe la kwanza hadi leo, waupange mara mia moja mfululizo, na akawaambia kuwa hata wakifanya hivyo watakuwa bado hawajawafikia watu waliochonga mawe ya Isimila. Watoto walipiga hesabu kwenye madaftari yao, na hesabu ilikuwa sahihi: vipimo vya uraniamu vilivyofanywa kwenye mifupa ya hapo, ambavyo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1972, vilitoa umri wa takriban miaka 260,000.

Nimefundisha mada ya zama za mawe kwa miaka kadhaa, na ninakiri kwamba sijawahi kuona darasa likielewa namba kubwa namna ile kwa haraka kiasi kile.

Ndani ya makumbusho tulikaa kama dakika 40. Mzee alieleza kwamba mahali hapo palikuwa na ziwa dogo, lisilo na kina kirefu, ambalo wanyama walilijia kunywa na watu wakalijia kwa sababu ya maji na wanyama hao. Walichonga zana zao kandokando ya maji, wakazitumia, wakaziacha palepale. Tope na mchanga vikazifunika tabaka juu ya tabaka, ziwa likakauka, na baada ya muda mrefu sana kijito kikaanza kulikata bonde na kuzifukua zana zile bila msaada wa jembe la mtu yeyote. Ndiyo sababu mwaka 1951 msafiri kutoka Afrika Kusini aliyepita njia hiyo aliweza kuyaokota mawe yaliyochongwa, na ndiyo sababu kati ya mwaka 1957 na 1958 Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuja na wenzake kuchimba kwa utaratibu wa kitaalamu. Pamoja na zana, yalipatikana mabaki ya wanyama ambao leo hawapo tena, na aliyewavutia zaidi wanafunzi wetu alikuwa kiboko wa kale, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko tunayemfahamu, hata aliweza kuzama karibu mwili mzima na bado akaona kinachoendelea ukingoni. Wavulana wa kidato cha kwanza walimchora kiboko huyo kwenye kila ukurasa uliokuwa wazi.

Kutoka hapo njia inashuka korongoni. Mteremko si wa kutisha, lakini vumbi la kiangazi linateleza, na mtoto aliyevaa kandambili atapata shida. Mwalimu asisitize viatu vya kufunga na kila mtoto awe na chupa yake ya maji, kwa kuwa kivuli ni kichache na jua la saa nne korongoni ni kali hata siku iliyoanza kwa baridi. Huko chini zana zimelala kama zilivyokutwa, nyingine chini ya paa dogo la kuzikinga na mvua. Ni nyingi kuliko nilivyotarajia: mashoka ya mkono, mawe ya kupasulia yenye ukingo mpana, mawe ya kukwangulia ngozi, mengine ya granaiti na mengine ya kwatzi, makubwa kwa madogo, yametapakaa kana kwamba wenyewe wameondoka jana.

Mzee aliokota shoka la mkono moja, akampa msichana wa kidato cha kwanza aliyekuwa amesimama mbele. Lilikuwa na umbo la tone la maji, refu kuliko kiganja chake, rangi ya kijivu yenye madoa, na kwenye kingo zote mbili palikuwa na alama ndogondogo za mapigo, kila pigo limeng'oa kipande chembamba kama ganda la yai. Alilishika vibaya, makali yakamgusa kiganja. "Ligeuze, mwanangu, mpaka likae lenyewe," mzee akamwambia. Akaligeuza mara moja, akaligeuza tena, kisha akalihamishia mkono wa kushoto, ambao ndio anaoandikia, na hapo kidole gumba kikaingia kwenye kibonyeo ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekiona. Msichana alitulia. Wenzake walitulia pia. Sisemi kwamba aliyelichonga alitumia mkono wa kushoto, kwa maana mzee mwenyewe alitutahadharisha tusikimbilie kusema hivyo kwa jiwe moja tu. Ninasema kwamba kwa dakika ile watoto 26 walielewa kuwa kibonyeo kile kilitengenezwa na mtu aliyefikiria jinsi jiwe litakavyokaa mkononi. Picha iliyomo kwenye kitabu chetu cha kiada, ambayo nimeichora ubaoni mara nyingi, haijawahi kunisaidia kulifikisha jambo hilo.

Baada ya hapo jiwe lilirudishwa mahali pake kwa uangalifu, sehemu ileile, upande uleule. Mzee alieleza sababu: jiwe likiondolewa lilipolala, mtafiti atakayekuja hawezi tena kujua lilikuwa jirani na mfupa gani, tabaka gani, au jiwe gani jingine. Alipomaliza kusema hayo, kijana mmoja aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande kidogo cha kwatzi alichokiokota njiani, akamkabidhi mzee bila kuulizwa. Mzee alimshukuru, akamwomba amwonyeshe alipokitoa, wakarudi wawili kukilaza.

Muda huo msindikizaji wa wakala alikuwa ameshaanza kutuonyesha saa yake. Kwa mujibu wa karatasi yake, Isimila ilitengewa saa moja, tena sehemu kubwa ikiwa ni ya kupiga picha kwenye nguzo za asili, ambazo ndizo zilizopamba tangazo lake. Nguzo ni nzuri, sikatai. Ni minara ya mchanga na udongo ulioshikamana, iliyobaki imesimama baada ya mvua na upepo kula kila kilichokuwa laini pembeni yake, na mtu akisimama chini yake anajiona mdogo sana. Walimu wa Jiografia watapata hapo somo zima la mmomonyoko bila kuhitaji ubao. Lakini kumpeleka mwanafunzi kwenye nguzo kwanza, kumpiga picha na kumrudisha garini, ni sawa na kumwonyesha jalada la kitabu na kumnyang'anya kurasa. Tulikataa kuondoka. Tulikaa Isimila karibu saa tatu, na kama ningepewa tena nafasi ningekaa nne.

Boma la Iringa tuliliona kwa muda wa saa moja. Ni jengo la enzi za Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa, limetunzwa vizuri, na linaeleza maisha na utamaduni wa watu wa Iringa kwa mpangilio ambao mwanafunzi anaweza kuufuata mwenyewe bila mtu wa kumshika mkono. Nashauri lipewe siku yake, hasa kwa shule za mjini ambazo watoto wanaweza kulifikia kwa miguu. Chakula cha mchana, kilichoagizwa na wakala kwenye mgahawa mmoja ambao sitautaja, kilichelewa kwa zaidi ya saa nzima, na wali ulipofika ulikuwa umeshapoa.

Basi tulifika Kalenga saa 9:30 alasiri, wakati tulipaswa kuwa pale saa saba. Ni kama kilomita 15 kutoka mjini, kwenye njia inayoelekea Hifadhi ya Ruaha, na kijiji kimetulia kiasi kwamba mgeni anaweza kupita bila kujua kuwa hapa ndipo palikuwa makao makuu ya Wahehe, yenye ngome ya mawe ya Lipuli. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, wakakivunja na kumuua kiongozi wake. Wajerumani walichukua miaka 3 kujipanga upya, na tarehe 30 Oktoba 1894, chini ya gavana von Schele, wakaiteka Kalenga kwa mizinga. Mwongozaji wa Kalenga, kijana makini aliyezungumza taratibu na kuyataja majina yote kwa usahihi, alituonyesha upande wa Tosamaganga, ambako wenyeji husimulia kwamba mizinga ilitegwa. Mkwawa alitoroka, akaendesha vita vya msituni kwa karibu miaka 4, na tarehe 19 Julai 1898, alipozidiwa kule Mlambalasi, akajipiga risasi badala ya kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Makumbusho ni madogo. Kuna mikuki, ngao, magobore, na katikati kuna sanduku la kioo lenye fuvu. Hatukuwa tumewaagiza watoto chochote kuhusu heshima, lakini wavulana walivua kofia zao mlangoni, mmoja baada ya mwingine, na kelele za kwenye Kosta ziliishia nje.

Mwongozaji aliieleza safari ya fuvu hilo kama mtu anayejua kwamba wasikilizaji wake watauliza maswali, na hilo ninampongeza nalo kuliko jambo jingine lolote. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa, na bado halikurudi kwa zaidi ya miaka 30. Hatimaye gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alifika kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu yapatayo 2,000, yakiwemo 84 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akayachambua kwa vipimo vya kichwa vilivyolinganishwa na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na akalichagua moja lililokuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi hapo Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania.

Swali lilikuja papo hapo, kutoka kwa yuleyule kijana wa magofu: "Sasa tunajuaje kwamba hili ndilo lake?" Nilimwona mwalimu mwenzangu akishtuka kidogo, akihofia kuwa swali litaonekana la utovu wa adabu mahali pale. Mwongozaji alijibu bila kukereka. Alisema kwamba vipimo vile ndivyo vilivyotumika, kwamba wapo wanahistoria waliovitilia shaka, na kwamba kwa familia na kwa Wahehe kilichorudi mwaka 1954 kilipokelewa kama mzee wao na kinatunzwa hivyo. Kisha akamgeuzia swali: mafuvu mengine 83 yalikuwa ya nani? Hakuna mtoto aliyejibu. Mmoja aliandika namba 83 kwenye daftari lake na kuipigia mstari mara mbili.

Hapo ndipo nilipowaeleza, kwa kifupi, kwamba hata hekalu lile la Athens lina habari ya namna hii: mwanzoni mwa karne ya 19 balozi wa Uingereza, Lord Elgin, aliwaamuru watu wake wazing'oe sanamu nyingi za Parthenon na kuzisafirisha, serikali ya Uingereza ikazinunua mwaka 1816, na Wagiriki, ambao mwaka 2009 walifungua makumbusho mapya chini ya kilima cha Akropoli, wameweka nakala za plasta mahali pa vipande visivyokuwepo huku wakiendelea kuvidai. Yule msichana wa shoka la mkono akasema kwamba wangevilaza kwanza walipovitoa, ndipo wazungumze. Sikuongeza neno.

Tulikuwa na maswali mengine kumi au zaidi yakisubiri. Lakini saa 10:40 jioni msindikizaji aliingia ndani, akazungumza kwa sauti iliyotosha kusikika chumba kizima, kwamba bado kuna jiwe la Gangilonga, lile jabali la mjini Iringa, kwenye ratiba na kwamba tukichelewa dereva atadai malipo ya ziada. Tulimwambia Gangilonga ifutwe, naye akakubali, ila hakukubali tubaki. Hatukulizunguka eneo la ngome. Kwa wanafunzi wa kidato cha tatu, ambao upinzani dhidi ya ukoloni ni mada yao ya mtihani, kuondolewa pale baada ya saa moja na dakika kumi kulikuwa hasara ambayo wakala hakutufidia hata kwa kauli ya samahani, ingawa nilimwandikia mara mbili.

Kwa anayetaka maoni yangu kwa maneno machache: Isimila na waongozaji wake nawapa alama zote, Kalenga nayo nawapa alama zote, na ninawaomba walimu wawaandae watoto kwa kuwasomesha habari za Lugalo kabla ya kufika, wakala sitamtumia tena. Mambo aliyotufanyia yanaweza kufanywa na mwalimu yeyote mwenye simu na barua ya mkuu wa shule. Tulipojumlisha gharama upya, tuliona kwamba Kosta ya kukodi moja kwa moja kwa mwenye gari, viingilio vya kulipia mlangoni na wali na maharage yaliyopikwa shuleni usiku na kupakiwa kwenye hotipoti, kwa pamoja ni nafuu kuliko tulicholipa, na kinachobaki kinatosha kumlipia mtoto mmoja au wawili ambao wazazi wao hawakuweza kuchangia.

Kundi linalofuata, la wanafunzi 24, litaondoka wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Tumezungumza na dereva yuleyule, safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyetupa saa: 11:00 alfajiri getini. Isimila tumeipa asubuhi yote, Kalenga alasiri yote, na katikati hakuna kitu kingine zaidi ya chakula chini ya mti. Yule kijana wa magofu, ambaye si wa kundi hilo, ameomba aje tena kwa nauli yake. Anasema hajamaliza kuuliza.